Ujenzi na Usimikaji wa Seva ya Hazina za Msimbo kutoka Msimbo Chanzo: Mfano wa Programu Huria ya Forgejo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hatua za kujenga na kusimika seva ya hazina za msimbo kutoka msimbo chanzo, kwa kutumia programu huria ya Forgejo kama mfano. Hoja inayotetewa ni kwamba tendo la kujenga programu kutoka chanzo, likisimama peke yake, haliipi taasisi uhuru wa kiteknolojia. Uhuru huo hutegemea mambo matatu: kuthibitisha kile kilichopakuliwa, kuhifadhi vitegemezi vyote ndani ya taasisi, na kuwa na uwezo wa kuijenga upya na kuirejesha seva pindi inapoharibika. Makala yanafafanua kila hatua, yanabainisha hatari zake, na yanapendekeza kipimo ambacho chuo kinaweza kukitumia kujua kama kweli kinaimiliki seva yake.

1.0 Utangulizi

Ufundishaji wa uhandisi wa programu katika vyuo vikuu umeegemea kwa kiasi kikubwa mfumo wa Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya uundaji wa kiini cha Linux. Git yenyewe haihitaji seva kuu. Kila nakala ya hazina hubeba historia yote ya mabadiliko, hivyo mwanafunzi mwenye nakala katika kompyuta yake anayo kazi nzima tangu mstari wa kwanza. Hata hivyo, wanafunzi na wahadhiri wanaofanya kazi kwa pamoja huhitaji mahali pa kukutania: mahali pa kuwasilisha kazi, kujadili kasoro, kugawa ruhusa na kukagua mabadiliko kabla hayajapokelewa. Mahali hapo, kwa wengi, ni huduma za kibiashara zilizoko nje ya nchi.

Utegemezi huo una gharama ambazo hazionekani mpaka jambo linapoharibika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Katika hali ya namna hiyo, mwanafunzi na msimamizi wake waliomo katika jengo moja hushindwa kubadilishana kazi kwa sababu tu mahali pao pa kukutania pako ng'ambo ya bahari. Seva iliyo ndani ya mtandao wa chuo haizuiwi na hitilafu kama hiyo.

Swali linalojibiwa na makala haya ni hili: chuo kinachoamua kuwa na seva yake, na kuijenga kutoka msimbo chanzo badala ya kupakua faili tendaji iliyokwisha kujengwa na wengine, kinapaswa kufanya nini hasa, na kinapata nini?

2.0 Usuli

Historia ya huduma za kuhifadhi misimbo inaonyesha kwamba hakuna huduma iliyo ya kudumu. Google Code, iliyoanza mwaka 2006, ilifungwa mwezi Januari 2016. Gitorious, ambayo msimbo wake ulikuwa huria, ilinunuliwa na GitLab na kufungwa mwaka 2015. GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa thamani ya dola za Kimarekani bilioni 7.5. Mwezi Julai 2019, huduma hiyo iliweka vizuizi kwa akaunti za watumiaji wa Iran, Syria na Crimea ili kutii vikwazo vya Marekani. Watumiaji wa Iran walirejeshewa huduma kamili mwaka 2021, baada ya kampuni hiyo kupata leseni maalumu kutoka serikali ya Marekani.

Matukio hayo hayakuteketeza msimbo, kwa kuwa nakala zilikuwa mikononi mwa watumiaji. Kilichokuwa hatarini ni kile kisichomo ndani ya Git: mijadala, taarifa za kasoro, mapitio ya msimbo na orodha za ruhusa. Kwa chuo, hiyo ndiyo sehemu inayoonyesha namna mwanafunzi alivyofikiri na namna alivyoelekezwa. Mtahini anayetaka kujua kama kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe huipata picha hiyo katika mijadala kuliko katika toleo la mwisho.

Forgejo imetokana na msururu wa programu tatu. Ya kwanza ni Gogs, iliyoanza mwaka 2014 kwa lugha ya Go. Mwaka 2016 baadhi ya wachangiaji wake walijitenga na kuunda Gitea. Mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya kutangazwa kwamba jina na alama ya Gitea vimo mikononi mwa kampuni ya kibiashara, wachangiaji wengine walijitenga tena na kuunda Forgejo chini ya mwavuli wa Codeberg e.V., jumuiya isiyo ya kibiashara yenye makao Berlin, Ujerumani. Jina hilo limetokana na neno la Kiesperanto lenye maana ya karakana ya mhunzi. Mwanzoni Forgejo ilifuatana na Gitea kwa karibu, lakini tangu mwaka 2024 imeshika njia yake, na kuanzia toleo la 9.0 hutolewa kwa leseni ya GPL badala ya MIT.

Nasaba hii ina funzo kwa mada inayojadiliwa. Mara mbili wachangiaji hawakuridhika na uongozi wa mradi, na mara mbili waliweza kuondoka na kazi nzima kwa sababu walikuwa na msimbo chanzo na ujuzi wa kuujenga. Leseni huria huruhusu kuondoka. Ujuzi wa kujenga ndio unaowezesha.

3.0 Maana ya Kujenga kutoka Msimbo Chanzo

Msimbo chanzo ni maandishi yanayosomeka na binadamu. Kompyuta huhitaji faili tendaji, na kompaila ndiyo inayogeuza maandishi kuwa faili hiyo. Anayepakua faili tendaji humwamini aliyeijenga. Anayejenga mwenyewe hupunguza idadi ya watu wa kuaminiwa, lakini haifikishi kwenye sifuri. Ken Thompson alilionyesha hilo mwaka 1984 katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing: kompaila iliyochezewa inaweza kupandikiza msimbo wenye madhara ndani ya programu ambayo chanzo chake ni safi kabisa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa maktaba ya xz. Mwezi Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. Sehemu ya msimbo huo ilifichwa ndani ya faili za majaribio, ilhali hati iliyouamsha wakati wa ujenzi ilikuwamo katika furushi la toleo lakini haikuwamo katika hazina ya Git. Waliojenga kutoka furushi walidhani wanajenga msimbo uleule uliokuwa ukisomwa na umma. Kwa hiyo neno "chanzo" halitoshi. Lazima ijulikane ni chanzo kipi, kimetoka wapi, na kimethibitishwa vipi.

4.0 Mchakato wa Ujenzi

4.1 Kupata na Kuthibitisha Msimbo

Hatua ya kwanza ni kunakili hazina ya Forgejo kutoka Codeberg kwa amri ya git clone, kisha kuchagua lebo ya toleo thabiti kwa amri ya git checkout. Haishauriwi kujenga kutoka tawi kuu la maendeleo, kwa kuwa hubadilika kila siku na huweza kubadili muundo wa hifadhidata kabla mabadiliko hayajakamilika. Aidha, inafaa kunakili historia nzima pamoja na lebo zake. Mchakato wa ujenzi husoma lebo hizo ili kuiandikia programu namba ya toleo, na nakala iliyokatwa historia huweza kuzaa programu isiyojua namba yake yenyewe. Kasoro hiyo huonekana ndogo mpaka siku ambapo msimamizi anataka kujua kama seva yake imo katika orodha ya matoleo yenye udhaifu wa kiusalama.

Faili za toleo zinazotolewa na mradi huambatana na saini ya GPG na alama ya SHA-256. Anayetumia furushi badala ya hazina anapaswa kukagua vyote viwili, na ufunguo wa umma wa mradi upatikane kwa njia tofauti na ile iliyotumika kupakua furushi. Saini iliyopakuliwa pamoja na ufunguo wake kutoka mahali pamoja haithibitishi mengi.

4.2 Vitegemezi

Mahitaji ya msingi ni manne: Git, kompaila ya Go, Node.js pamoja na npm, na programu ya make. Sehemu ya nyuma ya seva imeandikwa kwa Go. Kiolesura kinachoonekana katika kivinjari hutayarishwa kwa zana za Node.js. Ikiwa hifadhidata ya SQLite itatumika, kompaila ya lugha ya C huhitajika pia, kwa sababu SQLite imeandikwa kwa lugha hiyo.

Nyuma ya mahitaji hayo manne kuna mamia ya vitegemezi vidogo ambavyo hupakuliwa wakati wa ujenzi. Moduli za Go zimeorodheshwa katika faili ya go.mod, na alama za uhakiki wake zimo katika go.sum. Vifurushi vya npm vina orodha yake katika package-lock.json. Alama hizo hulinda dhidi ya kubadilishwa kwa kitegemezi, lakini hazilindi dhidi ya kutoweka kwake. Mwezi Machi 2016, mwandishi wa kifurushi kimoja cha npm kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, alikiondoa, na ujenzi wa miradi mingi duniani ukakwama siku hiyohiyo.

Kuna kitegemezi kingine ambacho ni rahisi kusahaulika. Tangu toleo la 1.13 la mwaka 2019, Go hupakua moduli kupitia proksi inayoendeshwa na Google, isipokuwa imeelekezwa vinginevyo. Na tangu toleo la 1.21 la mwaka 2023, Go ikikuta kwamba mradi unahitaji kompaila mpya zaidi, huweza kuipakua yenyewe bila kuuliza. Msimamizi anayetaka kujua kwa hakika ni kompaila gani imetumika anapaswa kuweka kigezo cha GOTOOLCHAIN kuwa local, ili ujenzi ukatae kuendelea badala ya kuleta zana isiyokaguliwa.

Njia ya kukabiliana na hali hii ni kukusanya vitegemezi mara moja na kuvihifadhi. Amri ya go mod vendor huziweka moduli zote za Go ndani ya saraka ya vendor katika mradi wenyewe. Vifurushi vya npm navyo huweza kuwekwa katika hifadhi ya ndani ya chuo. Kinachohifadhiwa kisiwe msimbo wa Forgejo peke yake. Kiwe msimbo, vitegemezi, kompaila na maelezo ya namna vilivyounganishwa.

4.3 Ujenzi Wenyewe

Ujenzi huendeshwa kwa amri ya make build, ikitanguliwa na kigezo cha TAGS kinachotaja sifa zinazotakiwa. Sifa ya bindata huziweka faili za kiolesura, violezo na tafsiri ndani ya faili tendaji moja. Sifa za sqlite na sqlite_unlock_notify huongeza uwezo wa kutumia SQLite. Amri hiyo hufanya kazi mbili kwa mfululizo: kutayarisha kiolesura, kisha kujenga sehemu ya nyuma. Kutayarisha kiolesura hudai kumbukumbu nyingi kuliko kuendesha seva yenyewe baadaye. Kwa hiyo taasisi yenye seva ndogo inaweza kujenga katika kompyuta yenye nguvu na kuhamishia faili tendaji kwenye seva. Vilevile, faili za kiolesura zikiwa zimekwisha kutayarishwa, amri ya make backend hutosha.

Tokeo la ujenzi ni faili tendaji moja. Kwa muda mrefu faili hiyo imeendelea kuitwa gitea hata inapojengwa kutoka msimbo wa Forgejo, alama ya nasaba iliyoelezwa katika sehemu ya pili. Kabla ya kusimikwa, faili hiyo iendeshwe kwa chaguo la --version ili kuhakikisha kwamba namba ya toleo na orodha ya sifa zinalingana na kilichokusudiwa.

5.0 Usimikaji

Seva haipaswi kuendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mfumo. Huundwa mtumiaji maalumu, kwa kawaida akiitwa git, asiye na nywila. Data huwekwa katika saraka yake chini ya /var/lib, na faili ya usanidi iitwayo app.ini chini ya /etc. Wakati wa usimikaji wa kwanza programu huhitaji ruhusa ya kuandika katika saraka ya usanidi; usimikaji ukikamilika ruhusa hiyo iondolewe, faili ibaki kusomwa tu. Huduma husimamiwa na systemd ili iwake yenyewe umeme unaporejea baada ya kukatika.

Hatua inayodai uangalifu mkubwa ni ukurasa wa usimikaji, unaofunguka katika poti 3000. Yeyote anayeufikia kwanza ndiye anayeweza kuukamilisha. Zaidi ya hayo, kama msimamizi hakuundwa katika ukurasa huo, mtumiaji wa kwanza kujisajili ndiye anayekuwa msimamizi. Kwa sababu hiyo, poti hiyo isifunguliwe kwa mtandao wa nje mpaka usimikaji ukamilike, kigezo cha INSTALL_LOCK kiwe true, na usajili huria ufungwe kwa DISABLE_REGISTRATION ikiwa akaunti zitatolewa na chuo.

Uchaguzi wa hifadhidata hutegemea ukubwa wa matumizi. SQLite hukaa katika faili moja na haihitaji huduma ya ziada, lakini huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Darasa dogo halitaona tofauti. Idara yenye mamia ya wanafunzi wanaowasilisha kazi dakika za mwisho itaiona, na hapo PostgreSQL au MariaDB hufaa zaidi.

Mbele ya Forgejo huwekwa Nginx ili kupokea miunganisho iliyosimbwa na kuipitisha ndani. Hapa kuna kizingiti ambacho huwasumbua wengi: Nginx, isipoelekezwa vinginevyo, hukataa ombi lenye ukubwa unaozidi megabaiti 1. Matokeo yake ni kwamba mradi mdogo huwasilishwa bila shida, ilhali mradi mkubwa hukataliwa kwa kosa namba 413, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake. Kigezo cha client_max_body_size hutatua tatizo hilo. Kigezo cha ROOT_URL nacho kilingane na anwani wanayoitumia watumiaji, la sivyo viungo vinavyotolewa na seva vitaelekeza pasipofaa.

6.0 Utunzaji

Seva ya namna hii ina kumbukumbu za aina mbili. Hazina za Git hukaa kama faili katika diski. Watumiaji, ruhusa, mijadala na taarifa za kasoro hukaa katika hifadhidata. Nakala rudufu iliyochukua moja na kuacha nyingine si nakala rudufu. Tena, vyote viwili vichukuliwe kwa wakati mmoja huku huduma ikiwa imesimamishwa, vinginevyo hifadhidata inaweza kutaja mabadiliko yasiyokuwamo katika hazina. Amri ya dump hukusanya data hizo katika furushi moja, lakini hakuna amri pacha ya kuzirejesha: urejeshaji hufanywa kwa mkono, faili kwa faili. Msimamizi ambaye hajawahi kuufanyia mazoezi ataufanya kwa mara ya kwanza siku mbaya kuliko zote.

Faili ya app.ini nayo ihifadhiwe, kwa sababu inabeba SECRET_KEY, ufunguo unaotumika kusimba siri zilizomo katika hifadhidata, zikiwemo za uthibitishaji wa hatua mbili. Ufunguo huo ukipotea, data hurejea lakini siri hizo hazisomeki tena.

Masasisho hufuata mzunguko uleule wa ujenzi. Toleo jipya linapowashwa hubadili muundo wa hifadhidata lenyewe, na kurudi katika toleo la awali baada ya hapo hakuungwi mkono. Hivyo nakala rudufu ni sehemu ya kila sasisho. Taasisi inayojenga kutoka chanzo hubeba pia wajibu wa kufuatilia matangazo ya usalama, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeisasishia.

7.0 Mjadala

Kutokana na maelezo hayo, faida ya kujenga kutoka chanzo haipaswi kukuzwa. Chuo kilichojenga Forgejo kwa kupakua kila kitegemezi kupitia intaneti kimehamisha utegemezi wake kutoka huduma moja kwenda nyingine. Waya wa baharini ukikatika, seva iliyokwisha simikwa itaendelea kufanya kazi, lakini ikiharibika katika siku hizohizo haitaweza kujengwa upya.

Kwa mantiki hiyo, makala haya yanapendekeza kipimo rahisi: kompyuta isiyo na kitu itenganishwe na intaneti, kisha mtumishi ambaye hakushiriki katika usimikaji wa kwanza aijenge seva na kurejesha data kwa kutumia hifadhi ya ndani na maelezo yaliyoandikwa. Akifaulu, chuo kinaimiliki seva yake. Akishindwa, pale anapokwama ndipo utegemezi ulipo, uwe ni kifurushi kilichokosekana, ufunguo uliopotea, au ujuzi uliokuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Upande wa sheria nao una uzito. Git huandika jina na anwani ya barua pepe ya mtendaji katika kila badiliko, na maandishi hayo hayafutiki bila kuandika upya historia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinaifanya taasisi iwajibike kwa taarifa za namna hiyo. Kuwa na seva ya ndani huondoa swali la kusafirisha taarifa nje ya nchi, lakini huongeza swali la ulinzi wake, ambalo sasa haliwezi kuelekezwa kwa mwingine.

Haifuati kwamba huduma za nje ziachwe. Forgejo ina uwezo wa kuakisi hazina, yaani kuvuta nakala kutoka seva ya nje au kuisukuma kwenda huko kwa ratiba. Chuo kinaweza kuweka kazi ya asili ndani na kuionyesha dunia kupitia nakala ya nje. Kuakisi kwa njia ya Git, hata hivyo, huhamisha msimbo na historia yake tu. Mijadala hubaki ilipoanzia. Kwa hiyo uamuzi wa mahali pa kufanyia mijadala ndio uamuzi wa mahali pa kuweka kumbukumbu ya chuo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kujenga na kusimika Forgejo kutoka msimbo chanzo ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa idara ya kawaida ya sayansi ya kompyuta: mahitaji ni machache, amri za ujenzi ni chache zaidi, na tokeo ni faili moja. Ugumu uko kabla na baada ya ujenzi, yaani katika kuthibitisha chanzo, kuhifadhi vitegemezi, kulinda usimikaji na kufanyia mazoezi urejeshaji. Vyuo vinavyokusudia kuchukua njia hii vinashauriwa kupanga muda na watumishi kwa ajili ya sehemu hizo, na kuufanya ujenzi wenyewe kuwa sehemu ya mafunzo, ili kila mwaka wawepo wanafunzi wapya wanaojua namna ya kuisimamisha seva yao upya.